Kujuliana Hali Wakati wa Shida: Kumbukumbu za Kamwokya, 1971–2021

Kila mwaka, katika wiki ya kwanza ya masomo, wanafunzi wetu hufundishwa maamkizi. Hujambo? Sijambo. Habari za nyumbani? Nzuri. Wengi huyakariri upesi na kuyasahau upesi, kwa kuwa huyachukulia kama mlango tu wa kuingilia sarufi. Ni vyema ikumbukwe, hata hivyo, kwamba hujambo limetokana na huna jambo, na kwamba jambo linaloulizwa hapo ni baya: maradhi, msiba, kukamatwa, kupotea. Anayejibu sijambo anatoa taarifa. Jirani zetu Waganda nao huuliza agafa eyo, yaani yapi yanayotokea huko utokako. Katika jiji la Kampala kumekuwa na miaka ambayo maswali haya yaliulizwa kwa uzito wake wote na yakakosa jibu.

Makala haya yanautazama mtaa mmoja, Kamwokya, ulioko kando ya barabara ya Kira, bondeni kati ya kilima cha Kololo na Mulago. Nimeuchagua kwa sababu mbili. Kwanza, wakazi wake wengi ni wapangaji wa muzigo, chumba kimoja cha kulala, kupikia na kupokelea wageni, na wametoka Masaka, Kabale, Arua, hata Kongo. Jamaa zao wako mbali. Aliye karibu ni jirani ambaye huenda hata lugha yake huijui. Pili, ni mtaa ulio karibu na kila kitu, hospitali kubwa ya taifa upande mmoja na kilima cha Naguru upande wa pili. Hoja yangu ni kwamba redio, simu na intaneti zilipoingia Kamwokya zilisaidia sana, ila zote zilikuwa na mwenyewe aliyeweza kuzifunga au kuamua nini kipite. Zilipofungwa, kazi ya kujuliana hali iliangukia miguu ya watu wa karibu.

Tuanze na Januari 25, 1971, siku Idi Amin alipotwaa madaraka. Katika miaka iliyofuata watu walichukuliwa majumbani, maofisini na barabarani. Kikosi cha usalama wa raia, ambacho jina lake lilikuwa kejeli tupu, kilikuwa Naguru, na ofisi za State Research Bureau zilikuwa Nakasero. Vyote viwili ni mwendo wa miguu kutoka Kamwokya. Mwaka 1974 Amin mwenyewe aliunda tume chini ya Jaji Mohamed Saied ichunguze watu waliotoweka tangu alipotawala. Tume iliyaandika majina ya watu mia kadhaa, na kutoweka kukaendelea. Aliyetafutwa akakosekana huku na huko, jamaa zake walikwenda kumtafuta katika msitu wa Namanve.

Tatizo la kwanza la mwenye kutafuta lilikuwa ni kuuliza kwenyewe. Ukienda getini kwa askari ukauliza habari za ndugu yako, umekwisha kujitambulisha kuwa ni ndugu yake. Redio Uganda ilikuwa na matangazo ya vifo, yale yanayoitwa ebirango, na watu waliyasikiliza kwa makini kuliko taarifa ya habari. Tangazo lilifika Masaka au Soroti kabla ya barua, likawaita jamaa mazishini. Lakini redio ya serikali haikuwa mahali pa kutangaza kwamba fulani amechukuliwa na askari wa serikali. Aliyekufa kwa maradhi alitangazwa, akazikwa, akaliliwa. Aliyechukuliwa hakutangazwa, na jamaa zake hawakujua kama waanze kulia.

Hapa historia ya lugha yetu inaingia, nasi walimu hatuna budi kuieleza kama ilivyo. Mwaka 1973 Amin alikitangaza Kiswahili kuwa lugha ya taifa kwa amri. Wakati huohuo Kiswahili kilikuwa ndicho kilichosikika kwenye vizuizi vya barabarani. Majeshi ya Tanzania na ya Waganda waliokuwa uhamishoni yalipoiteka Kampala Aprili 11, 1979, wakazi waliwaita askari wa Tanzania bakombozi, neno letu wakombozi lililovikwa kiambishi cha Kiganda. Ilikuwa nafasi nzuri ya Kiswahili kusamehewa. Haikudumu. Katika utawala wa pili wa Obote, 1980 hadi 1985, askari walizingira mitaa ya Kampala, wakawatoa watu nje na kuwaamuru wapande malori. Operesheni hiyo ikabaki katika kumbukumbu za watu kwa jina la Kiswahili: panda gari. Maneno mawili mepesi, ya somo la hali ya kuamuru, yakawa nomino ya hofu. Baraza la Mawaziri lilipopitisha Julai 2022 kwamba Kiswahili kiwe somo la lazima katika shule za msingi na sekondari, wapo wazee waliouliza kwa nini wajukuu wafundishwe lugha ya wanajeshi. Mwalimu anayewacheka wazee hao hajui walikolisikia neno gari mara ya kwanza.

Siku ya panda gari wanaume walichukuliwa kwa mkumbo. Waliobaki mtaani, wengi wao wanawake, walihesabu nani hayupo. Huo ndio uliokuwa uchunguzi wa kwanza, na ulifanywa mlango kwa mlango jioni, kabla ya muda wa kutotembea. Aliyeachiwa kesho yake alirudi na majina ya aliowaona kizuizini, akayapeleka kwenye nyumba husika, mara nyingine kwa watu asiowafahamu kabisa.

Januari 26, 1986 jeshi la NRA liliitwaa Kampala, na vizuizi vikapungua. Hata hivyo janga jingine lilikuwa limeingia. Ugonjwa ambao Waganda waliuita siriimu, kwa jinsi ulivyokondesha mwili, ulikuwa umeonekana Kasensero, wilayani Rakai, mwaka 1982. Mwishoni mwa muongo huo haikuwepo familia ya Kampala ambayo haikuguswa. Mulago na Nsambya zilijaa. Dawa hazikuwepo, na mgonjwa aliyerudishwa nyumbani alirudishwa kufa. Mwaka 1987 Noerine Kaleeba, aliyekuwa amefiwa na mumewe kwa ugonjwa huo, alianzisha shirika la TASO pamoja na wenzake.

Kamwokya ilikuwa na njia yake. Waumini Wakatoliki wa jumuiya ndogondogo za Kikristo walianza kuwatembelea wagonjwa vyumbani mwao, na kutokana na ziara hizo ikazaliwa Kamwokya Christian Caring Community, ambayo baadaye ilipata zahanati, huduma za yatima na mafunzo ya kazi. Historia za mashirika hupenda kuanzia kwenye majengo. Mimi napendelea kuanzia kwenye ziara. Mwanzoni walikuwa na kidogo cha kugawa. Walichota maji, walifua mashuka, walipika uji, waligeuza mgonjwa upande wa pili. Kiswahili kina tamko lake kwa jambo hili, kumjulia hali mgonjwa, na ukilitazama vizuri halisemi kumponya wala kumsaidia. Linasema kujua.

Na kujua kulikuwa na hatari yake. Katika safu ya mizigo ambapo ukuta mmoja unagawanya familia mbili, kila mtu huona nani amebisha kwa nani. Waliojulikana kuwa ni wa kutembelea wagonjwa wa siriimu wakisimama mlangoni pako, tayari umetangazwa. Wapo waliokataa kufungua kwa sababu hiyo, na mwenye nyumba aliweza kumfukuza mpangaji. Mtembeleaji alilazimika kujifunza namna ya kuingia: kuita koodi kwa sauti ya kawaida kama jirani aliyekuja kuomba chumvi, kupita pia kwa mwenye malaria na kwa mama aliyejifungua, kukaa, kuzungumza mengine. Hapana shaka huu ni ujuzi wa lugha kama ujuzi mwingine wowote tunaoufundisha, na pengine ni mgumu zaidi kuliko upatanisho wa ngeli. Dawa za kurefusha maisha zilipoanza kutolewa bure katika hospitali za umma mwaka 2004, mtaa ambao tayari ulikuwa na watu wanaojua mlango wa kila mgonjwa ulikuwa na kitu ambacho bajeti haiwezi kununua kwa haraka.

Aidha, tusisahau munno mukabi, vikundi vya kusaidiana katika shida. Kila mwanachama huchanga fedha. Akifiwa, wenzake huleta amabugo, masufuria, viti na nguvu za kuchimba kaburi. Kwa mpangaji kutoka mbali kikundi hiki ndicho kilichohakikisha kwamba akifia chumbani mwili wake utafika kijijini kwao.

Simu za mkononi ziliingia polepole. Celtel ilianza Uganda mwaka 1995 na MTN mwaka 1998. Kwa miaka kadhaa mkazi wa kawaida wa Kamwokya alipiga kutoka kibandani kwa kulipia dakika, na alipomiliki simu yake alijifunza kubipu, yaani kupiga na kukata ili upande wa pili ujue kuwa yu hai na hana salio. Wakenya waliokuwa Kampala waliuona umuhimu wake baada ya matokeo ya uchaguzi kutangazwa nchini kwao Desemba 30, 2007. Watu zaidi ya 1,100 waliuawa kabla ya mapatano ya Februari 28, 2008. Matangazo ya moja kwa moja yalipigwa marufuku Kenya, vocha ziliadimika magharibi mwa nchi hiyo, na hapa Kampala petroli ilipanda bei kwa sababu malori hayakupita. Mtu alimnunulia ndugu yake salio ili tu aweze kujibu.

Mwaka 2009 ilikuwa zamu yetu. Septemba 10, baada ya Kabaka kuzuiwa asiende Kayunga, ghasia zilizuka Kampala na watu zaidi ya 20 wakauawa. Serikali iliifunga redio CBS pamoja na nyingine tatu. CBS ilikaa kimya hadi Oktoba 2010. Watu wa nje walizungumzia siasa zake, lakini kwa nyumba nyingi za Kamwokya redio hiyo ilikuwa pia ndiyo iliyosoma ebirango. Kwa mwaka mzima wasikilizaji wake walilazimika kupata habari za misiba kwingine.

Nakuja kwenye usiku wa Julai 11, 2010. Fainali ya Kombe la Dunia kati ya Uhispania na Uholanzi ilianza saa tatu na nusu usiku, saa za Kampala. Watu walikuwa wametoka majumbani kuitazama pamoja, na hilo ndilo lililofanya kutafutana kuwe kugumu: nani alikwenda wapi? Bomu lililipuka katika mkahawa wa Ethiopian Village, Kabalagala. Mechi ikiwa inakaribia kwisha, mengine yakalipuka kwenye klabu ya raga ya Kyadondo, Lugogo, ng'ambo ya kilima cha Kololo kutoka Kamwokya. Waliokufa walikuwa zaidi ya 70, wa mataifa kadhaa. Kundi la al-Shabaab lilidai kuhusika.

Usiku ule simu zilikuwepo mifukoni mwa karibu kila mtu, na bado hazikutosha. Simu inayoita bila kupokelewa ina tafsiri nyingi. Mwenyewe amelala, ameiangusha akikimbia, yumo kwenye gari la wagonjwa, amekufa na simu iko mfukoni. Baada ya kupiga mara kadhaa kinachobaki ni kwenda. Majeruhi walikuwa wamepelekwa Mulago, na jamaa waliwafuata huko, wodi kwa wodi, na mwisho katika chumba cha maiti. Wenye ndugu mikoani na ng'ambo walipigiwa nao, kwa maana kila aliyesikia habari alitaka kusikia sauti.

Hatua iliyofuata ilikuwa ya kuzima mitambo. Siku ya uchaguzi, Februari 18, 2016, mitandao ya kijamii na huduma za kutumiana pesa kwa simu vilifungwa. Wachambuzi wengi wameandika kuhusu mitandao. Mimi nadhani kufungwa kwa pesa za simu kuliumiza zaidi mtaa wa wapangaji, maana siku hizi kumjulia hali mama kijijini ni kumtumia shilingi za dawa.

Mwaka 2020, wakati wa korona, ziara yenyewe ikawa kosa. Machi 25 usafiri wa umma ulisimamishwa. Machi 30 magari ya watu binafsi nayo yakazuiwa, na mgonjwa alihitaji kibali cha mwakilishi wa Rais wilayani ili abebwe kwa gari. Ilibidi kurudi kwenye miguu. Kisha Novemba 18 mgombea urais Robert Kyagulanyi, Bobi Wine, mtoto wa Kamwokya, alikamatwa Luuka. Katika siku mbili za maandamano na risasi waliuawa watu wasiopungua 54. Ofisi za chama chake cha NUP wakati huo zilikuwa Kamwokya.

Baada ya hapo vijana walianza kuchukuliwa na magari madogo yasiyo na namba, ambayo watu waliyapa jina drone. Panda gari ilikuwa imepata mrithi, safari hii kwa jina la Kiingereza. Januari 13, 2021, mkesha wa uchaguzi, intaneti ilizimwa nchi nzima, nayo haikurudi hadi Januari 18. Simu za kawaida ziliendelea kufanya kazi. Ndugu walioko Dubai au London waliozoea kupiga bure kwa WhatsApp walinunua dakika za bei ghali wakauliza swali moja tu, na mtu wa Kamwokya aliyeulizwa kuhusu jirani alivaa viatu akaenda kutazama kama mlango wake uko wazi.

Machi 2021 Waziri wa Mambo ya Ndani, Jenerali Jeje Odongo, aliwasilisha Bungeni orodha ya watu 177 waliokuwa wakishikiliwa na jeshi. Familia ziliisoma jina kwa jina. NUP ilisema orodha yake ni ndefu zaidi. Waliolikuta jina walijua angalau kwamba mtu wao yu hai na mikononi mwa nani. Wasiolikuta walianza upya, kituo kwa kituo, wakiuliza getini.