Sanduku la Stanley na kibaba cha mpagazi

Januari 1875, katika pori lililotenganisha Ugogo na nchi ya Wanyaturu, msafara wa Henry Morton Stanley uliishiwa chakula. Alikuwa ameiacha njia kuu ya kwenda Unyanyembe, akakata kaskazini-magharibi kuelekea Ziwa Nyanza, na vijiji ambavyo angenunua nafaka havikuonekana. Watu wake walianza kufa njiani. Katika kitabu chake cha 1878 anaeleza jinsi alivyotoa nguo zake katika sanduku la bati, akalijaza maji, akalipandisha motoni, kisha akapika humo uji wa ratili chache za oti, nafaka ya kwao Ulaya, pamoja na makopo manne ya unga ulioitwa Revalenta Arabica. Uji huo uligawiwa kwa watu zaidi ya 200.

Unga huo unastahili kutazamwa kwa karibu, kwa kuwa ni babu wa makopo ninayoulizwa habari zake kila muhula. Revalenta Arabica iliuzwa London na kampuni ya Du Barry kwa matangazo makubwa ya magazetini. Ilidaiwa kuondoa kiungulia, udhaifu wa neva, kikohozi, kukosa usingizi na orodha ndefu ya maradhi mengine, tena bila dawa yoyote, kwa lishe tupu. Wakemia walipoupima katika miaka ya 1850 walikuta unga wa dengu, pengine ukiwa umechanganywa na unga wa shayiri. Hata jina lilikuwa limepinduliwa herufi kutoka jina la Kilatini la dengu, na hilo neno “Arabica” likaongezwa ili mnunuzi anuse harufu ya mbali. Dengu zile zile sokoni ziliuzwa kwa sehemu ndogo sana ya bei ya kopo.

Hata hivyo sitamcheka Stanley. Kwa siku ile, porini, vikombe vile vya uji vilikuwa na thamani kuliko mzigo wowote wa nguo na shanga aliokuwa nao. Lakini kilichoiondoa njaa ni nafaka iliyoletwa na wapagazi wenye nguvu waliotumwa mbele hadi Suna, kwa Wanyaturu, wakanunua na kurudi. Kopo liliwavusha usiku. Shamba la mtu mwingine ndilo lililowafikisha ziwani.

Swali ninaloulizwa na wanafunzi, na siku hizi na watumishi wa halmashauri pia, ni hili: je, virutubisho vinavyodai kukusanya kila kitu katika kijiko kimoja, vitamini zote, madini yote, protini na nyuzinyuzi, vina thamani inayolingana na bei yake, au fedha hiyo ingekwenda sokoni? Mimi ni mwanahistoria, si tabibu. Naamini hata hivyo kwamba njia ya misafara ya Tabora inaweza kulijibu swali hilo, kwa sababu kwa muda wa karne nzima njia ile ilikuwa maabara ya chakula cha kubebeka.

Tuanze na posho. Kipimo chake cha kawaida kilikuwa kibaba kimoja cha nafaka kwa mtu kwa siku, ratili moja na nusu hivi. Kwa hesabu ya leo ujazo huo hutoa nishati ya kilokalori 2,300 au zaidi kidogo, na mpagazi wa Kinyamwezi alibeba frasila mbili, yaani karibu ratili 70, kwa masaa mengi juani. Kibaba peke yake hakikumtosha, na kila mtu barabarani alilijua hilo. Jambo ambalo wengi hulisahau ni kwamba mara nyingi posho haikutolewa kwa nafaka. Ilitolewa kwa kitambaa au shanga. Mpagazi na wenzake wa kambi moja, yaani kikundi cha watu waliopika na kula pamoja, waliingia kijijini wakajadiliana bei wenyewe: mtama au muhogo, karanga, kunde, kuku siku ya neema. Porini waliongeza uyoga, asali, nyama ya mawindo na matunda ya miombo kama ntalali. Stephen Rockel, katika kitabu chake cha 2006 kuhusu wapagazi, ameonyesha jinsi watu hawa walivyokuwa wafanyakazi wenye desturi na masharti yao. Chakula kilikuwa miongoni mwa masharti waliyoyapigania kwa mgomo na kwa kutoroka. Tajiri aliyechelewesha posho aliamka asubuhi akakuta mizigo imelala chini.

Lakini palikuwa na mahali ambapo hakuna kijiji cha kununua. Kati ya Ugogo na Unyamwezi kulikuwa na Mgunda Mkali, nyika kavu ya mwendo wa siku nyingi, na hapo kila mtu alilazimika kubeba chakula chake juu ya mzigo wa tajiri. Hapo ndipo chakula chepesi, kikavu, kisichooza, kilipokuwa na maana. Wazee wa Tabora husimulia kwamba jina la mji wao limetokana na matobolwa, viazi vitamu vilivyochemshwa, vikamenywa, vikakatwa na kuanikwa hadi vikawa vigumu kama ngozi. Wanaisimu wanaweza kubishana juu ya asili hiyo. Mimi nalipenda simulizi hilo kwa sababu linaonyesha mji unaojikumbuka kwa chakula chake cha safari.

Tusiyatukuze matobolwa kupita kiasi. Ni wanga kwa sehemu kubwa. Viazi vyeupe vina vitamini A kidogo mno, na hata vile vya rangi ya chungwa, tunavyoviita viazi lishe, hupoteza sehemu ya kirutubishi hicho vinapoanikwa juani. Mnyamwezi hakuwahi kudai kwamba tobolwa ni chakula kamili. Alilila pamoja na karanga. Huo ndio ujuzi ninaoutafuta katika makopo ya leo nisiuone: kujua kwamba chakula cha safari kina upungufu, na kujua kinachouziba.

Ujuzi huo ulivunjwa na serikali za kikoloni katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Waingereza, Wajerumani na Wabelgiji, ambao majeshi yao yaliiteka Tabora Septemba 1916, waliwakusanya wapagazi kwa maelfu na kwa nguvu. Sasa posho ikawa unga uliopimwa kwa ratili na ofisa, kwa wingi unga wa mahindi, na uchaguzi wa mlaji ukaondolewa. Geoffrey Hodges, aliyewaandikia historia wapagazi wa upande wa Waingereza, anaeleza madhara yake: unga uliosagwa vibaya, ukapikwa nusunusu kwa kukosa muda, kuni na vyungu, ukapewa watu ambao wengine kwao walikula ndizi au wali. Kuhara damu kukawa miongoni mwa wauaji wakuu. Wapagazi waliokufa katika vita ile wanahesabiwa kwa makumi ya maelfu, na wengi wao hawakuguswa na risasi. Ona lugha ilivyohifadhi mgawanyiko huu. Uganda leo, ukisema posho, utaletewa sima ya mahindi. Tanzania posho imebaki kuwa fedha ya kujikimu, na mtumishi wa umma anayesoma hapa anajua vizuri tofauti ya kupewa posho mkononi na kupewa chakula cha semina.

Wakati wapagazi wale wanakufa, sayansi ilikuwa imeanza tu kuvipa majina vitu visivyoonekana katika mizani. Neno vitamini lilitungwa na Casimir Funk mwaka 1912. Elimu hiyo imeokoa watu wengi, na anayeibeza kwa jina la “vyakula vya asili” hajasoma. Chukua madini joto. Chumvi ya Uvinza ilisafiri katika njia hii hii hadi Tabora na kwingineko muda mrefu kabla ya reli, lakini katika maeneo mengi ya bara udongo hauna madini joto ya kutosha, na mboga inayoota katika udongo huo haiwezi kutoa isichokuwa nacho. Matokeo yake ni rovu, na baya zaidi, watoto wanaozaliwa na akili iliyodumaa. Serikali iligawa vidonge vya mafuta yenye madini joto kuanzia miaka ya 1980, kisha sheria ya miaka ya 1990 ikataka chumvi itiwe madini hayo kiwandani. Hapo kirutubisho hakina mshindani. Gharama yake kwa mlaji haionekani, na pengo linalozibwa linajulikana.

Sasa chukua madini ya chuma, kisha twende Pemba. Huko zaidi ya watoto 24,000 waliingizwa katika jaribio kubwa la kitabibu ambalo sehemu yake ilihusu vidonge vya chuma na asidi ya foliki vilivyotolewa kila siku. Agosti 2003 sehemu hiyo ilisimamishwa. Matokeo yaliyochapishwa katika jarida la The Lancet mwaka 2006 yalionyesha kwamba watoto waliopewa vidonge hivyo walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi, kwa asilimia 12, wa kufariki au kulazwa hospitali kwa ugonjwa mkali kuliko wenzao. Sababu inayotajwa ni malaria: chuma hicho kilipewa kila mtoto katika kisiwa chenye malaria kali, bila kupimwa nani alikihitaji. Watoto waliokuwa na upungufu kweli, wakapimwa na kutibiwa malaria mapema, walinufaika. Tabora ni miongoni mwa mikoa yenye malaria nyingi nchini. Mzazi anayemkoroga mtoto wake unga wenye “madini yote” bila kujua kiasi cha chuma kilichomo, ajue kwamba swali hili limekwisha kuulizwa kwa gharama kubwa.

Upande wa pili nao una ushahidi wake. Mwaka 1990, zaidi ya wakimbizi 17,000 wa Msumbiji waliokuwa Malawi walipata pelagra, ugonjwa wa ngozi, tumbo na akili unaotokana na ukosefu wa niasini. Mgao wao ulikuwa wa mahindi. Kilichokuwa kimepungua katika mgao huo ni karanga. Mnyamwezi wa 1857 hakulijua neno niasini, lakini angeshangaa kuona mtu anapewa unga bila karanga.

Karanga hizo hizo zimerudi leo katika pakiti. Lishe ya tiba iliyobuniwa Ufaransa mwaka 1996 kwa ajili ya watoto wenye utapiamlo mkali, inayotumika katika nchi nyingi zenye kambi za wakimbizi, msingi wake ni karanga zilizosagwa, pamoja na maziwa ya unga, sukari, mafuta, vitamini na madini. Ni kitu kizuri sana kwa kazi yake, na kazi yake ni Mgunda Mkali: kumvusha mtoto nyika kwa wiki chache, chini ya uangalizi, hadi afike penye kijiji.

Hofu yangu ni kwamba vijiji vyenyewe vinapungukiwa. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianzisha ule Mradi wa Karanga uliovuma, Kongwa, Nachingwea na Urambo, katika nchi ya Mirambo. Lengo lilikuwa mafuta kwa meza za Waingereza. Ulipovunjika mwaka 1951 ulikuwa umeteketeza takriban pauni milioni 36, na mashamba ya Urambo yakageuzwa kuwa ya tumbaku. Tangu hapo Tabora imekuwa mkoa wa tumbaku. Zao hilo linakula muda wa familia katika miezi ile ile ya kulima chakula, na linakula kuni za kukaushia, yaani miombo, ambayo ndiyo ghala la uyoga, asali na ntalali. Mkulima akishalipwa, muuzaji wa makopo anamfuata sokoni na kumwambia kwamba chakula chake hakina virutubishi.

Kwa hiyo jibu langu kwa wanaoniuliza ni fupi. Mjamzito anywe vidonge vya chuma na foliki anavyopewa kliniki. Mtoto apelekwe kwenye matone ya vitamini A. Chumvi iwe yenye madini joto. Kopo la kila kitu liachwe dukani, na bei yake igeuzwe karanga, dagaa wa Kigoma, kunde na mboga za majani. Karanga zenyewe, na mahindi pia, zikaushwe na kuchambuliwa vizuri, kwa maana mwaka 2016 sumukuvu iliyokuwa katika mahindi iliua watu Dodoma na Manyara, na mahindi yale hayakutoka katika kopo lolote.

Jibu refu linawahusu watumishi wa umma. Kwa miaka kadhaa sasa halmashauri zinatakiwa kutenga shilingi 1,000 za lishe kwa kila mtoto wa chini ya miaka mitano. Ningependa madiwani wa Urambo, Kaliua na Sikonge waulizwe katika kikao kijacho cha bajeti: katika kila shilingi 1,000 iliyotoka, ngapi zilinunua mbegu za karanga na marando ya viazi lishe, na ngapi zilikwenda kwenye posho za vikao?