Kisu na Muti: Ufundi wa Wakubwa Wetu, Kutoka Upemba Mpaka Jikoni ya Kamina

Mu kila jikoni ya Kamina kuko kisu. Mama anakitumikisha kwa kumenya mihogo, kukata kitunguu, kupasua samaki ile ilifika kutoka upande wa Bukama. Hakuna mutu anayejiuliza kisu kile kilianza wapi. Tunasema tu: kinakata, ao hakikate. Lakini tuangalie muzuri namna visu vya siku hizi vinakufa, vile vya bei ndogo vya ku soko. Mara nyingi si makali njo yanaisha kwanza. Ni mupini. Plastiki inapasuka, ao inayeyuka mama akiweka kisu karibu na mbabula. Kiisha mutoto anatumwa kutafuta kipande cha muti, na kisu kinapata maisha ya pili.

Jambo hili dogo linatufundisha historia kubwa. Tukiongea juu ya sifa ya Waluba katika ufundi, tunasema paka chuma: majembe, mishale, mashoka ya wafalme. Muti tunausahau. Lakini kisu ni vitu viwili vilivyooana. Katika insha hii tunataka kuonyesha kwamba wakubwa wetu walikuwa wavumbuzi mara mbili, mu chuma na mu muti, na kwamba nusu ile ya muti njo tunaipoteza leo bila kujua.

Mambo ambayo makaburi yalionyesha

Upande wa mashariki ya Kamina, kwenye bonde la Upemba, mahali Lualaba inapita katikati ya maziwa mengi, kuko ziwa Kisale. Kando yake kuko Sanga. Katika mwaka 1957 na 1958, Jacques Nenquin na Jean Hiernaux walichimbua pale makaburi ya zamani sana. Kuanzia mwaka 1974, Pierre de Maret aliendelesha kazi ile, Sanga na pia mahali pengine kama vile Kamilamba, Katongo, Kikulu na Malemba Nkulu. Katika mwaka 1979 alitangaza mupango wote wa nyakati zile, toka mwanzo wa chuma mpaka ufalme wa Waluba. Maeneo machache ya Afrika ya Kati iko na historia ya chuma inayofuatana hivyo bila kukatika.

Walipata nini? Vyungu vizuri, mikufu ya shaba, visu, panga, ndoana na mikuki ya samaki. Vitu vingi ni vya wakati unaoitwa Kisale ya katikati, kati ya karne ya 10 na ya 13 hivi. Walipata hata vyungu vya kubeba makaa ya moto, ndugu za zamani za mbabula yetu. Kwa hiyo mutu wa Sanga, miaka karibu elfu moja iliyopita, alikuwa tayari na jikoni ambayo mama wa leo angeitambua: moto, chungu, samaki, na kisu.

Kaburi moja ya Katongo ni ya zamani zaidi, kati ya karne ya 8 na ya 10. Mule walimuzika mutu mukubwa. Karibu na kichwa chake waliweka fuawe ya chuma, kile kitu mufua chuma anapigia kazi yake. Waliweka pia shoka ya heshima, na mupini wake ulipambwa na misumari mingi ya chuma. Shoka za namna ile, zenye misumari ku mupini, wafalme wa Kiluba walikuwa wangali wanazibeba ku bega katika karne ya 19 na ya 20. Zaidi ya miaka elfu moja, na desturi ni ile ile.

Tuone neno moja hapa. Katika udongo wenye maji, muti unaoza mbio kushinda chuma. Makali yanabakia, mupini unakuwa udongo. Njo maana vitabu vinasifu chuma: chuma njo kilibakia kutoa ushuhuda. Ku shoka ya Katongo, misumari njo inatuambia kwamba mufundi alijali muti vilevile, si makali peke yake. Mupini haukukuwa kitu cha kushikia tu. Ulikuwa nusu ya heshima.

Nyundo ya ufalme

Masimulizi ya Kiluba tunayajua toka utoto. Nkongolo Mwamba alikuwa mufalme mukali. Kiisha akafika muwindaji Mbidi Kiluwe, kutoka mashariki, na mwana wake Kalala Ilunga akamushinda Nkongolo na akasimamisha ufalme mupya. Wengi wanasema kwamba Kalala Ilunga njo alileta ufundi muzuri wa chuma. Makaburi ya Upemba yanaonyesha kwamba chuma kilikuwa pale mbele ya ufalme. Je, masimulizi yanadanganya? Hapana. Masimulizi hayatuambie mwaka. Yanatuambia namna Waluba walimuona mufalme: mutu ambaye anageuza inchi, sawa vile mufua chuma anageuza jiwe kuwa jembe. Njo maana fuawe, ile Waluba wanaita nyundo, iliingia katika desturi za kumusimika mulopwe. Wanawake vilevile walivaa mu nywele pini za chuma zenye umbo la nyundo. Hivyo kitu cha kazi kilifika mpaka ku kichwa cha mama.

Na tusisahau kwamba watu wa Mbudye, wale walichunga historia ya ufalme, waliiweka juu ya ubao: lukasa, yenye shanga na makombe ya konokono. Ufalme wa chuma ulikumbukwa mu muti.

Chuma kinazaliwa mu muti

Tufuate sasa kazi yenyewe. Mawe ya chuma peke yake hayatoe kisu. Yanaomba makala, na makala ni muti uliochomwa katika moto usio na hewa ya kutosha. Mu tanuru ya udongo, makala inafanya kazi mbili. Ya kwanza ni kuleta joto. Ya pili ni kuondoa hewa ya oksijeni ambayo imefungwa ndani ya jiwe, ili chuma kibakie peke yake. Mivukuto, iliyochongwa mu muti na kufunikwa na ngozi, inapuliza upepo kupitia bomba za udongo.

Chuma safi kinayeyuka kwa joto la 1538 °C. Tanuru za wakubwa wetu hazikuomba kufika pale. Kwa joto la karibu 1200 °C, takataka ya jiwe inayeyuka na kushuka, na chuma kinabakia kama sifongo nzito. Mufua chuma anaichoma tena na kuipiga, anaichoma na kuipiga, mpaka takataka inatoka na chuma kinashikamana. Kama makala imeingia kidogo ndani ya chuma, kinakuwa kigumu zaidi, na makali yanadumu. Mufundi alijua hayo kwa rangi ya moto na kwa sauti ya pigo. Kwa hiyo, kuchagua muti wa makala ilikuwa hatua ya kwanza ya kufanya kisu.

Mupini: uvumbuzi ambao hauna jina

Hapa njo tunafika ku jambo lenyewe. Namna gani kuunganisha chuma na muti bila gundi, bila vida? Wakubwa wetu walikuwa na majibu mawili tofauti, kwa sababu shoka na kisu havitumike namna moja.

Shoka, na jembe vilevile, vinapiga. Mufundi alichagua muti wenye kichwa kinene, mahali tawi linakutana na shina ao karibu na muzizi, kwa sababu pale nyuzi za muti zimepishana na hazipasuke mbio. Akatoboa kichwa kile, akapitisha mukia wa chuma, mwembamba nyuma na mupana mbele. Matokeo yake ni ya akili sana: kila pigo linasukuma chuma ndani zaidi. Shoka ikitumika, inajikaza yenyewe. Na mwenye shoka akitaka kunoa ao kubadilisha makali, anapiga upande wa nyuma na chuma kinatoka.

Kisu hakipige, kinavutwa na kusukumwa. Kwa hiyo kinaomba njia ingine. Mufundi anachoma mukia wa kisu mpaka unakuwa mwekundu, kiisha anausukuma ndani ya mupini. Moto unajitobolea tundu lenye umbo sawasawa na la chuma. Hakuna nafasi inayobakia. Kiisha anafunga shingo ya mupini ili muti usipasuke: kwa waya ya shaba kama ni kisu cha mutu mukubwa, ao kwa kamba kama ni kisu cha kila siku.

Kamba ile pia ni ufundi. Miti ya pori letu la miombo iko na ganda la ndani lenye nyuzi ndefu na nguvu. Zinavuliwa, zinalowekwa, zinasokotwa. Nyuzi zilezile zilifunga nyumba, mizigo na mitego. Nyuzi za majani ya mubale zilitoa vitambaa ambavyo upande wa Songye na Waluba vilikuwa hata mali ya kutoa katika biashara na mahari. Wakubwa hawakuona muti kama kitu kimoja. Waliujua kama fungu la nyuzi: upande huu unapasuka, upande huu unakataa, ganda linafunga, moyo unabeba.

Nani alivumbua hayo? Hakuna jina. Katika Uingereza, tunajua kwamba Harry Brearley wa Sheffield alipata katika mwaka 1913 chuma kisichopata kutu, wakati alikuwa anatafuta chuma ya bomba za bunduki, na chuma kile kikaingia mu visu vya jikoni vya dunia yote. Kwetu, majina hayakuandikwa. Lakini jina kukosekana si kusema kwamba akili ilikosekana.

Reli, chuma ya zamani, na plastiki

Reli kutoka Lubumbashi, ile iliitwa Élisabethville, ilifika Bukama katika mwaka 1918, na katika mwaka 1928 njia ya kupitia Kamina ilifika Ilebo. Katika mwaka 1956 ile ya Kamina kwenda Kabalo ilimalizika. Pamoja na treni kulifika majembe, panga na visu kutoka Ulaya, kwa bei ambayo tanuru ya kijiji haikuweza kushindana nayo. Kuyeyusha mawe kulikufa. Kufua hakukufa. Wafua chuma waligeukia chuma ya zamani, sana sana zile bapa za chuma zinazobeba lori. Hawakukosea: bapa zile ni chuma kigumu kinachojirudisha, na kinakubali makali. Huo pia ni uvumbuzi, hata kama tunauita masikini.

Na mupini? Uliendelea kuwa wa muti, uliochomwa na mukia mwekundu, sawa vile zamani.

Habari kutoka Marekani

Katika mwaka 2021, Teng Li na wenzake wa Chuo Kikuu cha Maryland walitangaza kitu cha kushangaza: kisu cha meza ambacho makali yake ni muti. Walichemusha muti pamoja na dawa ili kuondoa sehemu ya lignini, ile inayofanya kazi kama gundi katikati ya nyuzi. Kiisha waliufinya kwa nguvu na joto ili maji yatoke na nyuzi zikaribiane, wakauchonga na kuulowesha mu mafuta ili usinywe maji. Muti ule ulikuwa mugumu mara 23 kushinda muti wa kawaida, na kisu kilikuwa kikali karibu mara tatu kushinda kisu cha meza cha chuma.

Tusijidanganye: wakubwa wetu hawakufanya kitu kile. Lakini swali la mafundi wale wa Maryland ni swali ambalo mufundi wa Upemba aliuliza pia: nguvu ya muti iko wapi, na namna gani kuifuata? Wao wana mashine ya kufinya. Yeye alikuwa na moto, waya na miaka elfu ya kuangalia. Leo dunia inarudi ku muti kwa sababu imechoka na plastiki. Sisi tunaacha muti ili tukimbilie plastiki.

Tutabakia na nini?

Makala ambayo zamani ilizaa kisu, leo inapika bukari ya muji muzima. Hatuwezi kuwalaumu wanaoichoma: watu wanapaswa kula, na watoto wanapaswa kusoma. Lakini pori linakwenda mbali kila mwaka, na tanuru ya makala haichague. Miti ya mipini, miti ya kamba, miti ya ngoma, yote inaingia mu mufuko mumoja. Muti mwekundu, mukula, ulikatwa hivyo katika Katanga kwa kuuzishwa Asia, mpaka katika mwaka 2019 mataifa yaliuweka katika orodha ya miti ambayo biashara yake inapaswa kuangaliwa. Sisi tuliuza magogo. Ufundi haukuuzishwa, kwa sababu hakuna aliyeuliza juu yake.

Kama makaburi ya Katongo yalitufundisha kitu, ni hiki: chuma kitajichunga chenyewe ndani ya udongo, lakini muti hauchungike bila mutu. Kuko wazee wangali wanajua muti gani unakubali moto wa mukia wa kisu bila kupasuka, na ganda gani linavuliwa wakati gani. Mwalimu anaweza kutuma wanafunzi wake kwa mufua chuma wa karibu, wakiwa na daftari, waandike jina la kila muti kwa Kiluba na kwa Kiswahili, na kazi yake. Kazi ile haiombe feza nyingi. Inaomba tu tuianze wakati wazee wangali wanaweza kutujibu.

Na siku mupini wa plastiki utapasuka mu nyumba yako, usitupe kisu. Mutume mutoto atafute muti, lakini kwanza umwambie ni muti gani.