Kimea, Namba na Ramani

Akina mama wanaotengeneza togwa wanajua tangu kale kwamba uji ukitiwa kimea hugeuka mtamu. Kinachoufanya wanga uwe sukari ni kimeng'enya. Mwaka 1833 Wafaransa wawili, Payen na Persoz, walikitoa katika kimea, wakakiita diastasi. Mwaka 1897 Mjerumani Eduard Buchner akaonyesha kuwa maji yaliyokamuliwa kwenye hamira, bila seli hai, yanaweza kuchachusha sukari.

Baada ya hapo vimeng'enya viligunduliwa kwa wingi, na kila mgunduzi akakipa chake jina alilopenda. Kimoja kiliitwa "kimeng'enya cha zamani cha njano". Jina la namna hiyo halielezi kazi yoyote. Ndipo mwaka 1956 Umoja wa Kimataifa wa Baiokemia ulipounda tume ya kuondoa vurugu hiyo. Ripoti yake ya mwaka 1961 iliorodhesha vimeng'enya 712, kila kimoja na namba yenye sehemu nne zinazotaja kazi yake. Kile kinachovunja alkoholi kikapewa 1.1.1.1.

Lakini namba ni kama kitambulisho cha fundi: inakueleza kuwa huyu ni seremala, haikuelezi anajenga nyumba ipi. Ndani ya seli kazi ni ya kupokezana. Anachomaliza huyu ndicho anachoanzia mwenziwe. Mwaka 1937 Hans Krebs, akiwa Sheffield, Uingereza, alieleza mzunguko mmoja wa aina hiyo, ambao kwao chakula hutupatia nguvu. Mwaka 1965 Gerhard Michal wa kampuni ya Boehringer Mannheim alitoa chati kubwa ya njia hizo, ikatundikwa katika kuta za maabara nyingi.

Mwaka 1995 mambo mawili yalikutana. Huko Marekani ilisomwa jenomu nzima ya bakteria Haemophilus influenzae. Huko Japani, Minoru Kanehisa wa Chuo Kikuu cha Kyoto alianzisha hifadhi ya KEGG. Humo kompyuta huilinganisha jeni na zile zinazojulikana, huipa namba ya kimeng'enya, kisha huitia alama mahali pake kwenye ramani. Hapo ndipo pengo huonekana. Hatua ya nne ipo, ya sita ipo, ya tano haipo: ama kiumbe hicho hupita njia nyingine, ama fundi wake hatujamtambua.

Kwetu sisi tunaouguza watoto wenye malaria, hili si jambo la mbali. Mwaka 1999 Hassan Jomaa na wenzake, nchini Ujerumani, waligundua katika jeni za kimelea cha malaria vimeng'enya vya njia ambayo bakteria na mimea wanayo, lakini binadamu hana. Dawa iitwayo fosmidomaisini, inayoziba njia hiyo, iliponya panya. Ilijaribiwa baadaye kwa wagonjwa Gabon. Vimelea vilipungua, lakini kwa baadhi yao vilirudi. Dawa hiyo peke yake haikutosha, ila mlango ulikuwa umeonekana.

Nina tahadhari moja. Kompyuta hutoa namba kwa kufananisha, na kufanana si kuwa sawa. Mwaka 2009 Alexandra Schnoes na wenzake walikagua familia 37 za vimeng'enya katika hifadhi nne. Swiss-Prot, inayopitiwa na wataalamu kwa mkono, ilikuwa karibu haina kosa. Nyingine tatu zilikuwa na makosa mengi. Kosa likishaingia, jeni mpya hufananishwa nalo, likazaa makosa mengine.

Kwa hiyo nasema, ramani hutuonyesha pa kuchimba; haichimbi. Kijana wetu akiifungua kwenye kompyuta ya chuo ni hatua njema. Tumpe pia meza ya maabara, ahakikishe kama fundi aliyeandikwa pale kweli anafanya kazi hiyo.