Mpira Ulivyoingia West Point

Mwaka 1890 Chuo cha Kijeshi cha West Point, kilichojengwa kando ya mto Hudson katika jimbo la New York, kilikuwa kimetimiza miaka 88. Grant na Lee, majenerali waliokuja kupambana katika Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya Marekani, wote walisomea hapo. Wahandisi wake walichora njia za reli, wakajenga ngome na kuchimba bandari. Lakini futiboli ya Kimarekani, mchezo uliokuwa ukiwapandisha mori vijana wa Yale, Princeton na Harvard, chuo hicho hakikuwa na timu yake. Lililowauma zaidi makadeti ni kwamba wenzao wa Chuo cha Wanamaji cha Annapolis, katika jimbo la Maryland, walikuwa na timu tangu 1879.

Vijana wenye nguvu walikuwepo. Kilichokosekana ni nafasi. Siku ya kadeti ilianza kwa tarumbeta alfajiri na kuisha kwa amri ya kuzima taa, na katikati yake kulijaa hesabu, uhandisi, kupanda farasi, mafunzo ya kitara na gwaride lisilokwisha. Katika ratiba hiyo wakuu wa chuo hawakuona pa kuuweka mpira, na hawakuona sababu ya kuutafutia pahali.

Aliyeutafutia pahali ni kadeti mmoja, Dennis Mahan Michie.

Michie alizaliwa hapo hapo West Point mwaka 1870. Baba yake, Peter Michie, alikuwa mhandisi wa jeshi la Kaskazini wakati wa vita, kisha akawa profesa wa chuo na mtu mwenye sauti mbele ya wakuu. Mtoto alipewa jina la profesa mkongwe wa hapo, Dennis Hart Mahan. Kabla ya kuvaa sare ya kijivu ya kadeti, kijana huyo alisoma katika shule ya Lawrenceville, New Jersey, na huko ndiko alikoujua mchezo. Alipoingia chuoni alikuta wenzake waliowahi kuucheza hawazidi vidole vya mkono mmoja.

Alijua kwamba akiomba ruhusa moja kwa moja atakataliwa. Basi akapita njia ya kuzunguka: aliwashawishi vijana wa Annapolis walete wao changamoto rasmi. Barua ya wanamaji ilipofika, shauri liligeuka. Halikuwa tena ombi la wanafunzi wanaotaka kucheza. Lilikuwa suala la heshima ya jeshi la nchi kavu mbele ya jeshi la majini. Profesa Michie akazungumza na mkuu wa chuo, Kanali John Wilson, na ruhusa ikatoka.

Hilo ni jambo la kukumbuka katika historia yote ya timu hii. Jeshi linajulikana kwa amri zinazotoka juu kwenda chini, lakini timu ya West Point ilisukumwa kutoka chini kwenda juu. Makadeti ndio walioitaka, wakaitafutia mpinzani, wakailipia. Wasafiri wa Annapolis walihitaji nauli, na West Point ikakubali kubeba nusu yake. Kila kadeti, wote 271, alitoa senti 52 kutoka mfukoni mwake.

Maandalizi yalikuwa ya kuungaunga. Michie alikuwa nahodha, kocha, meneja na mwalimu wa sheria, vyote kwa pamoja. Masomo hayakupunguzwa wala gwaride halikuahirishwa, hivyo timu ilifanya mazoezi pale tu hali mbaya ya hewa ilipozuia gwaride, na inasimuliwa kwamba alfajiri, kabla ya tarumbeta, Michie aliwaamsha wachezaji wake wakakimbie kuuzunguka uwanja. Kwa majuma machache alilazimika kuwafundisha watu wazima mchezo ambao wengi wao hawakuwahi hata kuutazama.

Wala haukuwa mchezo mwepesi kujifunza. Timu yenye mpira ilipewa majaribio matatu ya kusogea yadi tano. Ikishindwa, mpira unakwenda kwa wapinzani. Kuurusha mpira mbele kulikatazwa. Njia ya kusonga ilikuwa moja: kumpa mtu mpira, kisha wenzake wamsukume na kumburuta kupita katikati ya ukuta wa miili. Kuufikisha mpira nyuma ya mstari wa goli kulileta pointi nne, na mkwaju uliofuata, ukipita kati ya milingoti, uliongeza mbili. Hapakuwa na kofia ngumu. Wachezaji walivaa makoti ya turubai, wakaamini ugumu wa mifupa yao.

Mtanange ulipigwa Jumamosi, tarehe 29 Novemba 1890, kwenye uwanja wa gwaride wa West Point. Husimuliwa kwamba wanamaji, wakipanda kutoka mtoni, walimchukua beberu aliyekuwa karibu na nyumba za maofisa wadogo wa chuo na kumfanya mnyama wao wa bahati. Uwanjani walitoa ishara zao kwa lugha ya meli, kama vile nahodha anayewaamuru mabaharia watayarishe sitaha kwa mapigano. Makadeti wa West Point nao walizitoa zao kwa maneno ya gwaride.

Tofauti ya uzoefu ilionekana mapema. Katika tukio moja wanamaji walijipanga kana kwamba wanataka kuupiga mpira mbali. Makadeti wakarudi nyuma kuusubiri. Mpigaji hakupiga, aliukumbatia, akakimbia nao hadi nyuma ya mstari wa goli. West Point walilalamika kwamba muungwana hatangazi kupiga kisha akakimbia. Sheria haikuwa upande wao. Mchezo ulipoisha Annapolis walikuwa na pointi 24, West Point hawakuwa na hata moja.

Kichapo hicho kilifanya kazi ambayo ushindi usingeweza kuifanya. Maofisa waliokuwa wakiutazama mchezo kwa mashaka sasa walitaka kulipiza kisasi, na michango ilianza kumiminika kutoka kambi za jeshi. Mwaka 1891 timu ilipata kocha wa kweli, Harry Williams, mchezaji wa zamani wa Yale aliyekuwa akifundisha shule katika mji jirani wa Newburgh. Alikuja kuwanoa makadeti bila malipo. Msimu huo walicheza mechi sita, wakashinda nne, wakatoka sare moja na kupoteza moja. Ushindi mtamu kuliko wote ulikuja mwisho wa Novemba huko Annapolis: West Point 32, wanamaji 16. Ndani ya mwaka mmoja kundi la wanafunzi wa kuokoteza lilikuwa limekuwa timu.

Uhasama ulikua haraka kuliko busara ya kuutawala. Wanamaji walishinda 12 kwa 4 mwaka 1892, kisha 6 kwa 4 mwaka 1893. Mechi ya 1893 iliacha mambo mawili ya kukumbukwa. La kwanza ni Joseph Reeves, mchezaji wa Annapolis aliyeonywa na daktari kwamba pigo jingine la kichwa lingeweza kumwondolea akili au uhai. Reeves hakuacha kucheza. Alikwenda kwa fundi viatu wa mjini, ambaye alimtengenezea kofia ya kujikinga, na kofia hiyo huhesabiwa miongoni mwa za kwanza kabisa katika mchezo huo. Baadaye alikuja kuwa admirali. La pili ni ugomvi wa watazamaji. Simulizi ya siku hizo inasema jenerali mmoja na admirali mmoja walirushiana maneno katika klabu ya maofisa, nusura waitane kwenye pambano la bastola.

Habari zilifika Ikulu. Mapema mwaka 1894 Rais Grover Cleveland alilijadili suala hilo na baraza lake la mawaziri, kisha Waziri wa Vita na Waziri wa Jeshi la Majini wakatoa amri: timu za vyuo viwili hazitaruhusiwa kusafiri nje ya viwanja vyao. Mpira haukufutwa, ila watani wa jadi walitenganishwa. Kwa miaka mitano West Point ilicheza na wageni waliokubali kuifuata, lakini mechi iliyoizaa timu yenyewe haikuchezwa.

Aliyeipigania irudi ni Theodore Roosevelt. Agosti 1897, akiwa Naibu Waziri wa Jeshi la Majini, alimwandikia Waziri wa Vita, Russell Alger, akipendekeza mechi ifufuliwe kwa masharti: kamari na vurugu zizuiwe, na kijana asiyefanya vizuri masomoni au mwenye mwenendo mbaya asipangwe. Hoja yake ilikuwa nzito kwa sababu ilikubali kwamba wapinzani wa mpira walikuwa na lao la kusema.

Michie hakuiona mechi hiyo ikirudi. Alihitimu mwaka 1892, akawa luteni wa askari wa miguu, na vita vya Marekani na Hispania vilipozuka akapelekwa Cuba. Tarehe 1 Julai 1898, katika mapigano ya San Juan karibu na mji wa Santiago, aliuawa. Alikuwa na umri wa miaka 28.

Mwaka uliofuata, tarehe 2 Desemba 1899, West Point na Annapolis walikutana tena, safari hii Philadelphia, mji ulio kati ya vyuo viwili. Kocha wa makadeti alikuwa Herman Koehler, mwalimu wa mazoezi ya viungo aliyekuwa chuoni tangu 1885. Ili kumjibu beberu wa wanamaji, jeshi lilimtafuta nyumbu mweupe aliyekuwa akivuta gari la barafu mtaani, likampamba na kumleta uwanjani. Nyumbu ndiye aliyebeba mizigo ya jeshi la Marekani kwa vizazi, na tangu hapo akawa alama ya timu. West Point ilishinda 17 kwa 5.

Mchezo wenyewe, hata hivyo, ulizidi kuwa hatari nchini kote. Mwaka 1905 Roosevelt, sasa akiwa Rais, aliwaita Ikulu wawakilishi wa Harvard, Yale na Princeton kuwataka wausafishe. Desemba mwaka huo alihudhuria mechi ya West Point na Annapolis iliyochezwa Princeton, ikaisha 6 kwa 6 giza likiingia. Mwisho wa mwezi huo vyuo 62 vilikutana New York kuunda chombo cha kusimamia michezo ya vyuo, ambacho leo kinajulikana kama NCAA. Rais wake wa kwanza alikuwa Kapteni Palmer Pierce, mwakilishi wa West Point. Chuo ambacho miaka 15 kabla hakikuwa na timu sasa kilikuwa mstari wa mbele katika kuulinda mchezo.

Mabadiliko ya 1906 yaliruhusu mpira kurushwa mbele, yakaongeza umbali wa kusogea kutoka yadi tano hadi kumi. Hayakutosha. Tarehe 30 Oktoba 1909, Harvard ilipokuwa mgeni West Point, kadeti Eugene Byrne alifunikwa na rundo la miili akavunjika shingo. Alifariki siku iliyofuata. West Point ilifuta mechi zote zilizobaki, ikiwemo ile ya Annapolis. Mwaka 1910 sheria zilibadilishwa tena: ikakatazwa kumsukuma au kumvuta mwenye mpira, wachezaji kushikana mikono kutengeneza ukuta kukapigwa marufuku, na mechi ikagawanywa vipindi vinne ili miili ipumzike. Kila sheria kati ya hizo ingeweza kuwekwa mapema. Kilichochelewesha ni kiburi cha watu wazima waliokaa majukwaani, na waliolipa ni vijana.

Baada ya hapo timu ilianza kuwa ile inayokumbukwa vitabuni. Novemba 1912 ilikutana na Carlisle, shule ya vijana wa Wahindi Wekundu iliyokuwa na Jim Thorpe, bingwa wa Olimpiki wa mwaka huo, ikalala 27 kwa 6. Miongoni mwa makadeti waliojaribu kumzuia Thorpe alikuwa Dwight Eisenhower, ambaye juma moja baadaye aliumia goti katika mechi na Tufts na ndoto yake ya mpira ikaishia hapo. Tarehe 1 Novemba 1913 Notre Dame, chuo ambacho wengi wa mashariki hawakukihesabu, kilikuja West Point na kushinda 35 kwa 13, Gus Dorais akirusha mipira mirefu na Knute Rockne akiidaka. Makadeti hawakulalamika safari hii kama mwaka 1890. Walijifunza. Kabla mwezi haujaisha waliifunga Annapolis 22 kwa 9, nao wakitumia silaha hiyo hiyo ya kurusha mbele. Mwaka 1914, chini ya kocha Charles Daly, walishinda mechi zote tisa. Omar Bradley, aliyekuja kuwaongoza askari wa Marekani Normandy mwaka 1944, alikuwa katika kikosi hicho.

Haki inataka sifa za miaka hiyo zigawanywe ipasavyo. Wakuu waliutilia shaka mpira, wakaufungia mipaka, wakauachilia, kisha wakaupa fedha na makocha. Kuuanzisha hawakuuanzisha. Kazi hiyo ilifanywa na kijana wa miaka 20 na wenzake 270 waliotoa senti zao, na usalama ambao wachezaji wa baadaye waliupata ulitokana na kifo cha Byrne na wengine kama yeye katika vyuo vingi vya Marekani. Mwaka 1924 West Point ilifungua uwanja mpya ikaupa jina la Michie, na hadi leo timu ya chuo huchezea hapo mechi zake za nyumbani.