Maziwa ya Ikulu, Maharage ya Kibanjani

Mwishoni mwa Novemba 1861, Mwingereza John Hanning Speke aliwasili Bweranyange, makao ya Omukama (mfalme) Rumanyika wa Karagwe, katika mkoa wa sasa wa Kagera, Tanzania, akiwa safarini kutafuta chanzo cha Nile. Kitabu chake kilichochapishwa mwaka 1863 kiliwapelekea wasomaji wa Ulaya jambo ambalo hawakulitarajia: vipimo vya mwili wa shemeji yake mfalme. Mzunguko wa mkono, karibu sentimita 58. Kifua, 132. Paja, 79. Mama huyo, anasema Speke, hakuweza kuinuka ila kwa kutambaa. Binti yake wa miaka 16 alikuwa ameketi karibu naye akinywa maziwa, na baba mtu amemsimamia, fimbo mkononi.

Inaniuma kila nisomapo ukurasa huo. Mama wa watu alipimwa kama ng'ombe mnadani, na tangu hapo Karagwe imesimuliwa duniani kwa unene wa wanawake wake, ilhali wanawake wengi wa Karagwe hawakuwahi kuishi hivyo. Unene ule ulikuwa wa nyumba za watawala. Kumnywesha mtoto wa kike maziwa kutwa nzima kunahitaji mifugo mingi, wachungaji, na watumishi wa kufanya kazi ambazo yeye hafanyi. Mwili wake ulitangaza utajiri wa mumewe na baba yake. Mauritania nako wasichana wamelazimishwa hivyo hivyo, kwa maziwa ya ng'ombe na ngamia.

Nje ya ua wa ikulu waliishi wakulima. Walikula ndizi, mtama, ulezi na maharage, wakapanda na kushuka vilima na jembe begani. Hao hakuna aliyewapima. Mipaka ya vyakula hivyo ilikuwa mikali: wafugaji waligoma kuuzia msafara wa Speke maziwa kwa sababu watu wake walikula kuku na maharage, wakihofia ng'ombe wao wangedhurika.

Kisha ikaja sotoka. Mwanzoni mwa miaka ya 1890, wakati Wajerumani wakijenga boma Bukoba, ugonjwa huo uliteketeza ng'ombe katika nchi zote za Maziwa Makuu. Maziwa yakaadimika ikulu. Kibanja, shamba la migomba la mkulima, nacho kikaumia, maana migomba ya huku hustawi kwa samadi. Baada ya uhuru serikali ikafuta utawala wa machifu, na unene wa kifalme ukabaki simulizi.

Kilichodumu ni chungu cha mkulima. Ukiingia jikoni jioni, Nkwenda wilayani Kyerwa au Kayanga wilayani Karagwe, utamkuta mama akimenya ndizi, vidole vimekuwa vyeusi kwa utomvu. Maharage yametangulia motoni. Ndizi zinawekwa juu yake, kisha chungu kinafunikwa kwa majani ya mgomba mpaka mvuke uivishe vyote pamoja. Ni chakula kizuri, mradi maharage yawe ya kutosha. Ndizi hushibisha haraka, lakini protini yake ni ndogo mno kumkuza mtoto.

Hapo ndipo pana uchungu wa leo. Utafiti wa kitaifa wa 2015/16 ulikuta takribani watoto 4 katika kila 10 walio chini ya miaka mitano mkoani Kagera wamedumaa, katika mkoa ambao haukosi mvua wala migomba.  Nikitafuta sababu Karagwe na Kyerwa, mimi ningeanza na nani anashika fedha. Kahawa huuzwa kwa butura, ingali maua shambani, kwa bei ya kutupa, na mavuno yanapofika tayari ni mali ya mwingine. Maharage huuzwa mapema kulipia ada na madeni, kisha familia huyanunua tena yakiwa ghali. Mnyauko wa migomba, uliobisha hodi Kagera mwaka 2006, ukaongeza pigo.

Ng'ombe wamerudi, na maziwa mengi hupelekwa sokoni kabla mtoto hajapata kikombe. Mwiko uliotenga maziwa na maharage umekwisha nguvu. Siku hizi kinachomnyima mtoto vyote viwili ni bei, na bei inaweza kujadiliwa katika vikao vya ushirika, vya kijiji na vya nyumbani, wanawake wakiwamo.