Kuzika si Kufukia

Petite Barrière, mahali pa kuvukia kwa miguu kati ya Gisenyi na Goma, hupitisha maelfu ya watu kila siku, wengi wao akina mama wenye beseni za mboga na maharage kichwani. Mpaka wanaouvuka ulikubaliwa Brussels mwaka 1910 na Wabelgiji, Wajerumani na Waingereza, na katika kuuchora hakuna aliyeuliza nani kazikwa wapi. Ndiyo maana wapo watu wa hapa ambao babu yao yuko chini ya udongo wa Rwanda na bibi yao chini ya mawe meusi ya Goma. Akitaka kuwajua wazee wake, mtu wa namna hiyo atahitaji miguu na vitambulisho. Atahitaji pia maneno, na maneno ndiyo ninayotaka kuyashughulikia.

Kwanza jina la mji wenyewe. Katika karatasi za Wajerumani ni Kissenji, katika za Wabelgiji ni Kisenyi, baadaye Gisenyi, na tangu mageuzi ya utawala ya mwaka 2006 wilaya inaitwa Rubavu. Mtu aliyezaliwa na kufa asihame hata mara moja anaweza kuonekana katika maandishi kama mtu aliyekaa miji minne.

Halafu jina la marehemu. Kwingi duniani mtafiti wa ukoo huingia makaburini akitafuta jina moja linalojirudia kwenye mawe. Kwa Wanyarwanda njia hiyo inakatika mapema, kwa sababu kila mtoto hupewa jina lake mwenyewe, na halilazimiki kufanana na la baba wala la ndugu. Baba, mama na wana wao wanaweza kulala safu moja, na mgeni asione undugu wowote kati yao. Kinachowaunga ni neno dogo la Kinyarwanda, *mwene*, yaani mwana wa fulani. Waislamu wa mji, ambao historia yao huanzia kwa askari na wafanyabiashara wa enzi ya Wajerumani, wana bin na binti kwa kazi hiyo hiyo. Kaburi lao lisilo na maandishi bado linasema kitu: maiti hulazwa ubavu wa kulia, uso ukielekea Kibla, na kutoka Gisenyi Kibla iko kaskazini, ikiegemea mashariki kidogo. Kwa hiyo kaburi lenyewe hulala karibu mashariki kwa magharibi. Kiswahili kina neno hata kwa chumba kidogo kinachochimbwa ndani ya shimo ili mwili ulazwe humo: mwanandani. Nalipenda neno hili kuliko mengi, maana linamtunza maiti kama mtu anayehitaji mahali pake.

Ukoo nao tunauitaje? Waswahili wa pwani huhesabu milango: fulani ni wa mlango huu, fulani wa mlango ule. Kinyarwanda kinasema *umuryango*, neno ambalo ni mlango wa nyumba na pia ni jamaa. Wahenga wa pwani na wa milimani, wakiwa mbali sana, waliufikiria undugu kwa namna moja: watu waliotoka mlango mmoja. Mpakani hapa serikali zimeweka *barrière*, yaani kizuizi, na Kiswahili cha Goma kimelipokea neno hilo bila shida, lakini daftari la ukoo ningeligawa kwa milango.

Kuna jambo jingine ambalo hulitambui mpaka usimame kaburini. Kiswahili kina majina mengi ya wanaoshuka: mwana, mjukuu, kitukuu, kilembwe, kilembwekeza. Kwa kupanda, baada ya babu tunaanza kuunganisha maneno: babu mzaa baba, baba wa babu. Kinyarwanda kina *sogokuru*, kikaongeza *sogokuruza* kwa aliye juu yake. Kiswahili kinahesabu kana kwamba anayehesabu ni yule aliyelala, naye anatutaja sisi mmoja mmoja hadi kizazi cha tano. Mjuzi wa ukoo anayejua tu kwenda juu amejifunza nusu ya kazi.

Lakini katika mji huu huu kuna makaburi ambayo hayawezi kusomwa kwa milango. Makaburi ya zamani ya Gisenyi, mwaka 1994, yaligeuzwa mahali pa kuwapeleka Watutsi kuuawa, na yakajulikana kwa jina Commune Rouge, jina lililoingia katika kumbukumbu za mahakama ya Arusha iliyoshughulikia mauaji hayo ya kimbari. Waliotupwa mashimoni humo hawakuzikwa. Kiswahili kinatulazimisha tuseme kweli hapa, kwa kuwa kuzika na kufukia si kitu kimoja. Kufukia kunahitaji shimo na udongo. Kuzika kunahitaji watu wa marehemu, sala, jina lake likitajwa. Mwandishi anayesema watu wale "walizikwa katika kaburi la pamoja" amewasaidia wauaji kwa kitenzi kimoja.

Kinyarwanda kiliziba pengo hilo kati ya kufukiwa na kuzikwa kwa maneno *gushyingura mu cyubahiro*, kuzika kwa heshima, yanayotumika miili inapotolewa mashimoni na kulazwa upya mbele ya ndugu. Na *gushyingura* lina maana ya pili: kuweka kitu mahali salama ili kipatikane. Kutoka humo limeundwa *ishyinguranyandiko*, nyaraka zinazohifadhiwa. Lugha hiyo imeweka maiti na hati chini ya kitenzi kimoja.

Kiswahili ni lugha rasmi ya Rwanda tangu mwaka 2017, na istilahi zake za ukoo zitahitajika ofisini na shuleni. Ningeomba wanaoziandaa waanze na zilizopo vinywani: mlango, kitukuu, mwanandani, kuzika. Na anayemwendea mzee wa Mbugangari, upande wa Gisenyi, au wa Birere, upande wa Goma, kuuliza habari za kaburi asianze na jina la familia. Aulize aliyelala hapa ni mwana wa nani, na nani walikuja kumzika.