Tarishi

Tarishi, neno tulilolipokea kutoka Kiarabu, ni mtu atumwaye kupeleka barua au habari, na maofisini tumezoea kumwona akipita na majalada kwapani. Wayunani wa kale, waliowagawia kazi hata miungu yao, walimpa Hermes, mwana wa Zeus, daraja hiyo hiyo, wakamvika makubadhi yenye mbawa. Naye ndiye aliyetumwa kisiwani kwa nimfa Calypso kumwamuru amwachilie shujaa Odysseus, aliyezuiliwa huko miaka 7. Watunzi wa hadithi za kisayansi hawakumsahau: Andy Weir, katika riwaya ya The Martian, amekiita Hermes chombo kiwachukuacho wanaanga baina ya Dunia na Mirihi, na ndicho kirudicho, mabaharia wake wakiwa wameasi amri ya wakubwa, kumwokoa mwenzao aliyeachwa huko peke yake, ilhali katika katuni za Futurama, zilizoanza mwaka 1999, Hermes ni karani wa kampuni ya kupeleka vifurushi, mpenda fomu na mihuri. Basi mfasiri wa hadithi hizi, akitaka kuitaja kazi ya Hermes, asikimbilie neno mjumbe, kwani mjumbe aweza kuketi barazani akatoa shauri, lakini tarishi hana budi kwenda.